Mwaka Tuliofunika Samaki kwa Kitambaa

Mwezi uliopita nilikwenda Kihesa kwenye kipaimara cha binti wa binamu yangu Ambakisye, na kabla hata keki haijakatwa Ambakisye mwenyewe alituvuta wageni chumba cha nyuma kutuonyesha samaki wake. Wamepangwa kwenye rafu kama vitabu, kila mmoja na tangi lake, maana ni wale samaki wapiganaji wadogo wenye mapezi marefu, na ukiwaweka madume wawili pamoja hawaamki wote. Juu ya kila tangi kuna kioo cha kufunikia, kimesogezwa kidogo kuacha upenyo wa kidole. Ambakisye sasa ana mvi na kazi ya mabwawa ya samaki, na akianza kueleza hakuna wa kumzuia. Hawa wanaruka, akasema. Usijaze maji mpaka mdomoni, acha vidole vinne. Funika, lakini usizibe kabisa, maana hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Na maji yakichafuka watatafuta pa kutokea. Shemeji mmoja akamuuliza amejifunzia wapi yote hayo. "Chuoni," akajibu, bila hata kupepesa macho. Nikatoka nje, nikasimama kwenye simtanki, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea, kwa sababu mtu pekee ambaye angecheka nami ni mama yake, na yeye tulimzika mwaka juzi. Hayo ya chuoni nayafahamu vizuri sana. Yalisomewa Ilomba, sebuleni kwa Shangazi, na mimi nilikuwamo darasani.

Habari za ukoo naziacha; wenye ukoo wanazijua na wengine zitawachosha. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Iringa kwenda Mbeya kujifunza cherehani kwa fundi mmoja wa Ilomba, na nilikuwa nalala kwa Shangazi, dada wa baba yangu, Mhehe aliyeolewa na Mnyakyusa akabaki mjane na mtoto mmoja, huyo Ambakisye. Sebule yake siwezi kuisahau. Kila kitu kilichoweza kuvaa kilivalishwa. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ilivaa, televisheni ilivaa kofia, chupa ya chai ilikuwa na sketi. Kila Jumamosi vitambaa vyote vilifuliwa, vikatiwa wanga, yaani uji mwepesi wa unga wa ngano, vikaanikwa, vikapigwa pasi mpaka vikaweza kusimama vyenyewe. Mgeni akiegemea kochi kwa pupa alichomwa shingoni. Chakula kilikuwa ndizi, maana Shangazi alikuwa amejifunza kupika ndizi kwa kushindana na mawifi zake wa Tukuyu, na alipowashinda hakujua tena kuacha: ndizi na nyama, ndizi na maharage, ndizi za karanga. Nilipotamani ugali wa kwetu aliniambia kwamba ugali ni wa watu wasio na maadui.

Januari ile Ambakisye alikuwa nyumbani likizo. Usharika mzima ulijua kwamba anasomea udaktari Dar es Salaam, kwa kuwa Shangazi aliutangazia, na wamama wawili wa kwaya walikuwa wamekwisha kumwekea magonjwa yao. Siku moja mezani kijana akasema, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba amebadilisha kozi. Sasa anasomea viumbe wa majini. "Viumbe gani?" mama yake akauliza. "Samaki, Mama." Kijiko cha Shangazi kikasimama njiani. "Samaki wanasomewa, mwanangu? Mimi nilijua wanakaangwa." Mimi nikacheka, na nikagundua nimecheka peke yangu. Ambakisye akasukuma sahani. Kesho yake alfajiri akaondoka kwenda stendi bila kuaga, akaacha hata maandazi aliyofungiwa ya safari. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, hakupiga simu. Shangazi alikuwa akiichukua simu, anaifuta kwa ncha ya kanga, anaitazama, anairudisha mezani kwenye kitambaa chake. Hakuthubutu kupiga yeye. Alikuwa na kiburi cha pande zote mbili, cha kuzaliwa na cha kuolewa.

Mwezi wa tatu kondakta wa basi la Dar akatupigia. "Mama, una mzigo wako huku stendi. Njoo uchukue upesi, unacheza-cheza." Nikatumwa mimi. Mzigo ulikuwa chupa ya soda ya plastiki iliyotobolewa kizibo, na ndani yake samaki mwekundu asiyezidi kidole, ana mapezi ya buluu na uso wa mtu aliyenyimwa siti ya dirishani. Chupa ilifungiwa karatasi yenye mwandiko wa Ambakisye: hosteli wamekataza wanyama, mnitunzie mpaka Desemba, mpeni chembe tatu za chakula asubuhi, badilisheni nusu ya maji kila wiki. Na chini, kwa herufi kubwa: MFUNIKENI, ANARUKA. Shangazi aliigeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. "Hata shikamoo hakuniandikia," akasema. Kisha akamtazama samaki. "Aruke aende wapi? Huyu ana miguu?"

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa heshima. Shangazi alitoa kabatini bakuli kubwa la kioo alilotunzwa kwenye harusi yake, bakuli ambalo mimi sikuruhusiwa hata kulifuta, akalijaza maji mpaka yakavimba mdomoni. Nilipomwambia labda tupunguze, akanikemea: "Mgeni hawekewi nusu, Oliva. Unataka akaseme nini huko alikotoka?" Jina likamkaa hapo hapo, Mgeni. Jumapili, tumetoka kanisani, simu ikalia. Sikio la simu ile lilikuwa limekufa zamani, ikawa lazima izungumze kwa spika nyumba nzima isikie. "Samaki mzima?" ilikuwa sauti ya Ambakisye. "Mzima, mwanangu." "Haya." Ikakatika. Maneno matatu tu, lakini Shangazi alikaa kwenye kochi akaikumbatia ile simu kifuani, na aliponiita sauti yake haikuwa ya mzaha. "Umesikia? Amepiga. Sasa nisikilize, mwanangu. Huyu samaki akifa, simu nayo imekufa. Tumeelewana?" Nikamwambia, abee, Shangazi, tumeelewana.

Jumanne Mgeni akaruka. Nilikuwa nafagia, nikaona kipande cha utepe mwekundu kwenye zulia, nikakisukumia kwenye kizoleo, nacho kikanisukuma. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna mwizi. Shangazi akatoka jikoni na kijiko cha mchuzi, akamzoa Mgeni na manyoya ya zulia na yote, akamrudisha majini, na samaki akajipangusa akaendelea kuogelea kama mtu aliyetoka mara moja kwenda dukani. Siku hiyo tukamfunika na sahani ya bati. Ilikaa vizuri mno. Haikuacha hata pa kupitisha unyasi, na maji yalikuwa bado yamejaa pomoni. Kufika jioni Mgeni alikuwa ameinua mdomo juu anatafuta hewa, na kioo kimelowa jasho. Shangazi akasema sahani hiyo ni jeneza, akaitoa. Tukapunguza maji, kwa huzuni yake kubwa. Tukajaribu ungo, ukawa mkubwa, kuku aliyeingia sebuleni akaupanda na vyote vikapona kwa neema ya Mungu. Tukajaribu chujio la chai, likawa dogo. Mwishowe Shangazi akakaa chini na sindano yake ya kufumia, akafuma siku mbili bila kusema na mtu, akatoka na kitambaa cha duara, cheupe, kina pindo jekundu la kufanana na samaki, na matundu ya kupitisha hewa. Tukakifunga bakulini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mgeni aliruka, akagonga kitambaa, akarudi chini, akatutazama. Nadhani Shangazi hakuwahi kufurahia kitu alichofuma kama siku ile.

Lakini kitambaa ni kitambaa, na nyumbani kwa Shangazi kitambaa hufuliwa. Aprili ikawa zamu yetu ya kupokea jumuiya, watu kumi na tano wa mtaa waliokuja kusali na kunywa chai, na haikuwezekana wakute vitambaa vya wiki. Vyote vikafuliwa, pamoja na cha Mgeni. Mvua ya Mbeya ikaamua kunyesha kutwa. Tulivikausha vya makochi kwa pasi ya mkaa, kile cha bakuli kikabaki kimelowa, na Shangazi hakukubali wageni wakione bila pasi, na watu wakaanza kupiga hodi. "Amekaa wiki tatu hajaruka," Shangazi akaninong'oneza. "Atatuaibisha leo?" Tukaanza sala. Aliyeombwa kuongoza alikuwa Mzee Asegelile, karani mstaafu, na lazima nieleze kwamba sala za mzee huyu zilikuwa zinasafiri. Zilianzia nyumba ile, zikapita mtaa, zikazunguka mkoa na taifa, kisha zikavuka mpaka. Vijana wa Ilomba walijua kupima muda kwa nchi. Tulikuwa tumeingia Malawi niliposikia kitu kimedondoka kwa sauti ya kofi dogo. Nikafungua jicho moja. Mgeni alikuwa sakafuni, katikati ya duara la watu waliofumba macho, karibu na kiatu cha mzee, anapumua. Nikamtazama Shangazi. Naye alikuwa amefungua jicho moja.

Kwetu mtu hainuki katikati ya sala, na wala hapiti mbele ya anayesali. Samaki alikuwa anapiga mkia polepole zaidi na zaidi, na mzee alikuwa bado na bara zima mbele yake. Shangazi akavuta pumzi akapaza sauti: "AMINA!" Watu wote kumi na tano, kwa mazoea, wakaitikia Amina na kufungua macho. Mzee Asegelile alibaki mikono juu, hajafika hata Lilongwe. Kabla hajauliza, Shangazi alikuwa amepiga magoti miguuni pake, akamzoa Mgeni kwa viganja viwili, akamrudisha bakulini, na akabaki amesimama pale, maji yanamchuruzika kwenye viwiko vya gauni lake la kanisani. "Nisamehe, baba," akasema. "Huyu samaki ndiye anayenipigisha simu na mwanangu. Na mjue kabisa, udaktari ameuacha. Anasomea samaki. Nilimcheka, akaondoka. Sasa hanijulii hali mimi, anamjulia hali huyu. Akifa huyu, mimi sina mtoto." Akaanza kulia, mbele ya watu ambao aliwaringia miaka miwili. Sikuwahi kumwona Shangazi analia, na nilitamani nifumbe tena macho. Mzee akakohoa, akashusha mikono. "Ungetuambia mapema, mama," akasema. "Wanafunzi wa kwanza wa Bwana walikuwa watu wa samaki. Tungeanza na huyu, Malawi ingesubiri."

Tangu siku hiyo Mgeni hakuwa wetu peke yetu. Watu wakawa wanasimama uzioni kuuliza ameamkaje. Julai baridi ilipotukaba, akalala chini ya bakuli hana habari na mtu, wamama wa kwaya wakasema ameokoka, ameacha kuruka. Hakuwa ameokoka, alikuwa ameganda. Tukawa tunambeba jioni kumweka jikoni, mbali kidogo na jiko la mkaa, na akipata joto anarudia dhambi zake. Jambo la ajabu, kila Jumapili alikuwa na wazimu. Jumamosi ametulia, Jumapili anagonga kitambaa kama anadai kitu. Shangazi akafikiri ni kengele za kanisa zinazomsumbua. Aliyetufumbua macho ni Mama Kulwa, mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, na yeye akawa analeta mchele wa Madibira kutuuzia mtaani. Aliinama kwenye bakuli, akanusa. "Shangazi yenu anamlea vibaya huyu," akaniambia mimi, ingawa Shangazi alikuwa pale pale. "Kambale wa kwetu Usangu, dimbwi likichoka wanahama. Usiku wa mvua unawakuta barabarani wanajikokota kwenda dimbwi lingine. Samaki haruki kwa utundu, anaruka maji yakimshinda. Hebu shika haya maji." Akachovya vidole, akavisugua. "Haya siyo maji, ni uji."

Tukatazamana. Kila Jumamosi Shangazi alikuwa anakifua kitambaa cha Mgeni na kukitia wanga sawasawa na vya makochi, maana hakuona kwa nini cha samaki kilegee. Na kila alipoogelea juu na kukigusa, wanga ukawa unadondokea ndani. Kitambaa tulichomfunika nacho asiruke ndicho kilichokuwa kinamfukuza. Shangazi alikaa akacheka hadi akashika mbavu, kisha akaniagiza maji safi, tena ya kulala, si ya bombani moja kwa moja. Jumapili ile, Ambakisye alipopiga kama ilivyokuwa desturi yake kila Jumapili, Shangazi alimsimulia, na kwa mara ya kwanza mazungumzo yalipita dakika moja. "Wanga? Wanga wa nini, Mama?" Tulisikia akibana kicheko, tukakodoa macho kwenye simu. Akakimeza. "Haya," akasema, ikakatika. Shangazi alisema, "Karibu acheke," na akalirudia neno hilo wiki nzima.

Sasa nafika Desemba, na hapa lazima niseme jambo ambalo sijamwambia Ambakisye mpaka leo. Ilibaki wiki moja aje. Jumamosi ile Shangazi alikwenda sokoni na mimi nikabaki kubadilisha maji. Nilifungua mpira, nikatoa kitambaa, nikapunguza nusu, nikaanza kumimina. Mlangoni ikapigwa hodi. Walikuwa wanawake wawili kutoka usharika wa jirani, wanamtafuta Shangazi, na mgeni kwetu haambiwi asimame mlangoni kwa sababu kuna samaki. Nikawakaribisha kibarazani, kwa kuwa sebule ilikuwa na ndoo. Nikawaletea viti, nikawachemshia chai, nikawasikiliza habari za mvua, za mbolea, za mtoto wa fulani. Mkono wangu ulikuwa bado na unyevu wa bakuli nilipokuwa nawamiminia. Sikukumbuka hata mara moja. Waliponiaga nikawasindikiza mpaka njia panda, kama nilivyolelewa, na huko ndiko nilikosimama ghafla nikakimbia kurudi. Nilimkuta nyuma ya kabati, mkavu, ameshikwa na vumbi. Nikamweka majini hata hivyo. Alielea.

Shangazi aliporudi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliweka kikapu chini, akalitazama bakuli kwa muda mrefu, akauliza kama nimekula. Habari zilienea kabla ya jioni. Mama Kulwa akashauri tuseme samaki amelala. Mwingine akasema tumwambie Ambakisye mtandao unasumbua, tena na tena, mpaka atakapofika mwenyewe. Mimi nilikuwa tayari kusema lolote. Jumapili baada ya ibada Mzee Asegelile na Mama Kulwa wakaja bila kualikwa, wakakaa kwenye makochi bila kuegemea, na sote wanne tukaizunguka ile simu kama maiti. Ndizi zilikuwa mezani, hakuna aliyezigusa. Ikalia. "Samaki mzima?" Shangazi akafunga macho. "Hapana, mwanangu. Amekufa jana." Redio ya jirani ilikuwa inaimba. "Alikufaje?" "Aliruka." "Hamkumfunika?" Nikafungua mdomo niseme, lakini Shangazi alinyoosha mkono akanishika goti, akalibana. "Mimi nilisahau kumfunika," akasema. "Ni mimi. Oliva hakuwapo. Nisamehe."

Kwa hiyo, Ambakisye, ukisoma haya, ni mimi niliyemuua samaki wako, na mama yako alinibebea lawama mbele ya watu wawili walioujua ukweli, siku ambayo aliamini lawama hiyo itamgharimu mtoto. Nimeishi miaka karibu ishirini nikijitahidi kustahili mkono ule ulionibana goti. Sikujua wakati ule, na labda hata wewe hukujua, ulikuwa unafikiri nini katika kile kimya kilichofuata. Kilikuwa kirefu. Mzee alianza kutikisa midomo, na nina hakika safari hii hakwenda Malawi. Halafu simu ikasema, "Mama." "Naam, mwanangu." "Leo umekula nini?"

Shangazi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo alilisomea mwaka mzima akakata tamaa kwamba litakuja. "Ndizi," akasema, na sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Ndizi za Mama Kulwa, alizitoa Uyole jana. Nimezimenya mwenyewe, nikazikata mapande, si yale madogo, yale unayoyapenda. Nikaweka kitunguu, nikaweka nyanya mbili, ya tatu ilikuwa imeharibika kidogo, nikakata ule upande mbovu..." Machozi yanamshuka hadi kidevuni na hayafuti, na anaeleza nyanya. Akaeleza chumvi. Akaeleza moto ulivyokataa na mimi nilivyoupuliza. Alipofika kwenye karanga, simu ikakatika, vocha imeisha. Akabaki ameikodolea, mdomo wazi. Mama Kulwa akasogea kochini, kitambaa kikamchoma, akavumilia. Zikapita dakika tano, pengine sita. Ikalia tena. Shangazi akaipokea, na bila kuuliza ni nani akaendelea pale pale alipokuwa: "Basi, nikazitwanga hizo karanga."